Wachora grafu wa nyuma ya Soko Kuu, Arusha: nendeni, ila msilipe kabla ya kusoma

Nianze na bei, maana ndiyo mnayouliza kwanza. Grafu moja ya rangi kwenye karatasi ya A4 ni shilingi elfu tatu. Ukitaka ya A3 ya kubandika ukutani ni elfu saba. Ripoti nzima ya kikundi, grafu sita hadi nane, imeprintiwa na kubaindiwa, haizidi elfu arobaini kama namba umezileta zimepangwa. Ukileta daftari lenye madoa ya chai wanakuongezea elfu kumi ya kuziingiza kwenye kompyuta, na kwa daftari letu sisi hiyo elfu kumi ilikuwa halali yao kabisa.

Mimi ni dereva wa watalii, na ni katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Wanachama ni madereva, pamoja na wake wachache wa madereva ambao kwa hisa wametuacha mbali. Mwaka huu mkutano mkuu ulikuwa na jambo zito: tupandishe kiwango cha mkopo wa kununua gari au tusipandishe. Watu wakasema hawataki tena katibu asimame mbele kusoma namba mpaka wasinzie, wanataka kuona. Ndiyo nikapanda ngazi za hii steshenari.

Iko mitaa ya nyuma ya Soko Kuu, ghorofa ya kwanza, chini wanauza vitenge na mabeseni. Hakuna kibao cha maana, fuata mlio wa printa. Ndani kuna meza mbili. Ya mbele kuna kijana, mchangamfu, mikono yake kwenye kibodi huioni kwa kasi. Ya ndani kabisa, karibu na dirisha, kuna dada mmoja anayefanya kazi taratibu na kuuliza maswali mpaka ukereke. Foleni yote iko kwa kijana. Ushauri wangu ni mmoja: subiri dada. Kwa dada natoa nyota nne na nusu kati ya tano. Kwa kijana mbili, na hizo mbili ni za rangi.

Tatizo la kijana si namba. Namba zote alizoniwekea zilikuwa sahihi, nilizihakiki moja moja. Tatizo ni kwamba ukimwambia "nichoree," anachora chochote ambacho kompyuta imependekeza, na kitu kinatoka kinang'aa, unalipa, unaondoka. Ukifika kwenye mkutano, watu wanaona jambo ambalo namba zako hazikusema.

Chukua grafu ya wageni, ambayo ndiyo mkutano ungeitegemea. Namba za wizara ya utalii kila dereva wa mji huu anazijua nusunusu. Mwaka 2019 waliingia nchini wageni wa kimataifa 1,527,230. Mwaka 2020 korona ikatushusha hadi 620,867. Mwaka 2021 wakawa 922,692, mwaka 2022 wakafika 1,454,920, mwaka 2023 wakawa 1,808,205, na 2024 tukavuka milioni mbili, 2,141,895. Namba sita tu. Kijana akanitolea grafu ya pau ya "ukuaji kwa asilimia". Pau moja nyekundu ya 2020 ikining'inia chini ya sifuri, hasi 59. Halafu pau nne za kijani: 49, 58, 24, 18.

Iangalie hiyo kwa macho ya mtu aliyekaa safu ya nyuma kwenye mkutano. Shimo ni 59. Ukijumlisha kijani cha kwanza na cha pili, 49 na 58, unapata 107. Kwa hiyo kufika 2022 shimo limefukiwa na juu yake umejenga ghorofa. Sivyo. Mwaka 2022 wageni walikuwa bado pungufu ya wale wa 2019 kwa zaidi ya elfu sabini. Ile asilimia 49 ya 2021 haikuhesabiwa kutoka milioni moja na nusu, imehesabiwa kutoka laki sita na ushee zilizobaki baada ya kuanguka. Asilimia 49 ya kidogo ni kidogo. Anayeshuka kwa asilimia 59 na ushee, kama sisi, anahitaji kupanda kwa takribani asilimia 146 ndipo arudi alipokuwa, na hilo pau haikwambii.

Na kuna kosa la pili linalongojea hapohapo. Pau za kijani zinafupika: 58, 24, 18. Mwenzangu niliyekwenda naye alipoziona tu akasema, "Si unaona, biashara inashuka." Haishuki. Mwaka 2024 ndio waliingia wengi kuliko miaka yote hiyo sita. Kinachopungua ni kasi ya kuongezeka. Pau fupi iliyo juu ya sifuri bado inasema tumeongezeka. Hapa ndipo ninaposema kabla ya kuangalia urefu wa chochote, soma maandishi yaliyo pembeni ya mhimili wima: hii inahesabu nini? Watu, au mabadiliko ya watu? Ni mambo mawili tofauti yenye sura moja.

Nikahamia meza ya ndani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nataka hizi namba zionekane kama zilivyo."

"Mkutano wenu unaamua nini?"

Nikamweleza habari ya mkopo wa magari. Akaniuliza kama namba ni za kalenda ya Januari hadi Desemba au za mwaka wa fedha, nani amezitoa, na kama ni wageni wa nchi nzima au wa kaskazini tu. Hilo la mwisho lilinigusa, maana mtu anayeshukia Zanzibar kuogelea yumo kwenye hiyo milioni mbili na mimi sitamwona Karatu hata siku moja. Akaliandika chini ya grafu kwa herufi ndogo: wageni wa kimataifa, Tanzania nzima.

Kisha akachora mstari mmoja. Nukta sita, moja kwa kila mwaka, mhimili wima umeanzia sifuri. Halafu akafanya kitu ambacho kwa maoni yangu ndicho kilichostahili elfu tatu: kutoka kwenye nukta ya 2019 akavuta mstari mlalo wa vidoti hadi mwisho wa karatasi. Basi. Mtu yeyote anaona mstari wetu umezama chini ya vidoti, unapanda, mwaka 2022 unakaribia kuvigusa, mwaka 2023 uko juu. Hakuna hesabu ya kufanya kichwani. Swali la mkutano, tumerudi au hatujarudi, limejibiwa na mstari wa vidoti.

Akaniambia pia jambo ambalo ningependa kila msomaji wa grafu za mstari alishike: nukta ndizo namba, mstari unaoziunga ni wa mchoraji. Kati ya 2019 na 2020 kuna mteremko ulionyooka vizuri kabisa, kana kwamba wageni walipungua kidogokidogo kila wiki. Sisi tuliokuwepo tunajua haikuwa hivyo. Januari na Februari 2020 tulikuwa porini kama kawaida, mambo yalikatika kuanzia Machi. Mteremko ule haupo popote duniani isipokuwa kwenye karatasi.

Grafu ya miezi nayo tulitengeneza, ya siku za kazi za magari yetu wenyewe, na huko mstari ni milima na mabonde: Juni hadi Oktoba juu, Desemba kuelekea Februari juu tena, Aprili na Mei chini kwenye tope. Asikudanganye mtu kwa kukuonyesha kwamba kati ya Aprili na Agosti "tumekua mara tatu". Huo ni msimu, na kila mwaka unakuja. Dada aliweka miaka miwili, mstari juu ya mstari, Aprili ikitazamana na Aprili. Ndivyo inavyotakiwa.

Sasa pau. Baada ya grafu ya mstari nilitaka pia moja ndogo ya miaka miwili ya mwisho peke yake, kwa ajili ya jalada. Dada alikuwa na mtu, nikampa kijana. Akaitoa ndani ya dakika moja: pau ya 2023 fupi, pau ya 2024 ndefu mara mbili na nusu yake. Mwenzangu akacheka. "Wageni wameongezeka mara mbili na nusu, mimi nimelala nyumbani Aprili nzima?" Tukaangalia chini kushoto. Mhimili haukuanzia sifuri, ulianzia 1,600,000. Kwa hiyo kilichochorwa ni vichwa tu vya pau, miguu imekatwa. Ongezeko la kweli kati ya miaka hiyo miwili ni kama asilimia 18. Kubwa, la kushukuru, lakini si mara mbili na nusu.

Kijana hakukusudia kumdanganya mtu. Programu yenyewe hufanya hivyo: namba zikikaribiana, inakata mhimili ili tofauti ionekane. Kwenye grafu ya mstari hilo linaweza kuvumilika, kwa sababu pale jicho linafuata mwelekeo, na wakati mwingine ukianzia sifuri mstari unalala bapa huoni kitu. Kwenye pau halivumiliki. Pau inasema kwa urefu wake, ukiikata miguu umeibadilisha maneno. Nikamwambia aanzishe sifuri. Akaniambia, "Mzee, itaonekana haijachangamka." Nikamwambia ndivyo tulivyo.

Ana na nyingine anaipenda sana, ya picha. Badala ya pau anaweka picha ya Landkruza, na mwaka wenye wageni mara mbili anaikuza Landkruza mara mbili. Inapendeza mno. Ila ukiikuza kwa urefu inakua na kwa upana pia, kwa hiyo gari la pili linachukua karatasi mara nne ya lile la kwanza, na jicho linapima eneo, halipimi urefu. Picha zinafaa kama zote zina ukubwa mmoja na unaziongeza idadi: gari moja ni wageni laki moja, hesabu magari. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa shule ya msingi, na hakuna sababu ya kuboresha.

Tuje kwenye pai, lile duara lililokatwa vipande, maana hapo ndipo steshenari hii inapopatia hela nyingi. Kila kikundi kinataka pai. Dada aliniambia michoro hii ina umri mkubwa kuliko tunavyodhani: Mskoti mmoja, William Playfair, alichapisha grafu za mstari na pau London mwaka 1786, na pai ikafuata mwaka 1801. Miaka zaidi ya mia mbili, na bado inatumika vibaya.

Pai ya kijana ni ile iliyolazwa, nene, yenye ukingo kama keki. Tulikuwa na mafungu manne ya mikopo: matengenezo ya magari asilimia 34, ada za shule 31, biashara ndogo 20, msiba na matibabu 15. Kwenye mchoro wake ada za shule zilikuwa upande wa mbele na matengenezo upande wa nyuma, na ungeapa ada ndiyo kubwa. Ni sawa na nyati aliyesimama mbele ya bampa na tembo aliye ng'ambo ya bwawa: kwenye picha ya mgeni nyati ndiye mkubwa. Omba pai bapa, na omba asilimia ziandikwe ndani ya vipande. Na ukiwa na vipande zaidi ya vitano, achana na pai, chukua pau.

Lakini hata pai bapa, iliyochorwa kwa uaminifu, inaweza kukuvuruga zikiwa mbili. Tulikuwa na pai ya mikopo ya 2019 na ya 2020, zimekaa bega kwa bega, ukubwa uleule. Kipande cha msiba na matibabu kimetoka asilimia 15 hadi 30. Ukiangalia unasema, masikini, korona, watu walikopa mara mbili kwa ajili ya ugonjwa. Rudi kwenye daftari. Mwaka 2019 tulikopeshana milioni 40, asilimia 15 yake ni milioni 6. Mwaka 2020 tulikopeshana milioni 16 tu, asilimia 30 yake ni milioni 4 na laki nane. Fedha iliyokwenda kwenye msiba na matibabu ilipungua. Kipande kilinenepa kwa sababu pai yenyewe ilisinyaa, hakuna aliyekuwa anakopa kununua spea za gari lililoegeshwa. Pai inakwambia mgawanyo, haikwambii kiasi. Kila ukiona pai mbili, uliza jumla ya kila moja ni ngapi, na kama haijaandikwa, irudishe mezani. Dada alizitupa zote mbili akaweka pau za shilingi, 2019 na 2020 zikiwa pamoja kwa kila fungu. Mara moja ikaeleweka kwamba kilichoanguka ni matengenezo ya magari.

Ya tatu ya pai ndiyo mbaya zaidi, na nimeiona kwenye ripoti za vikundi vingine pia. Tuliwauliza wanachama 40 kwa nini huchelewesha rejesho, na kila mtu aliruhusiwa kutaja sababu zaidi ya moja. Ishirini na wanne walisema kuchelewa kulipwa na kampuni, 22 wakasema gari kuharibika, 18 wakasema ada za shule. Jumla ya majibu ni 64 kutoka kwa watu 40. Huwezi kuweka hiyo kwenye pai, kwa sababu pai ni kitu kizima kilichokatwa na hapa vipande vinapandana. Kompyuta haikatai lakini. Inachukua 24, inagawa kwa 64, inakuandikia asilimia 38. Ilhali kweli ni 24 kwa 40, asilimia 60. Zaidi ya nusu ya wanachama wanacheleweshewa malipo, na pai inasema ni kama theluthi. Hiyo tofauti inabadilisha mnachokwenda kuwaambia waajiri wenu.

Kuhusu hisa za wanachama, kijana alinipa namba moja: wastani, hisa 62 kwa mtu. Dada alinipa histogramu, zile pau zilizoshikana bila nafasi katikati, kwa sababu mhimili mlalo wenyewe ni namba inayoendelea: hisa 0 hadi 20, 20 hadi 40, na kuendelea. Pau ndefu kuliko zote ilikuwa ya 20 hadi 40. Halafu mbali kabisa kulia, peke yao, watu wawili. Sina haja ya kuwataja, wote tunajua ni nani na waume zao ni nani. Hao wawili ndio walioivuta 62 juu. Ukiweka sheria ya mkopo kwa kufuata wastani, umeweka sheria inayowaacha nje wengi. Alinionyesha pia kwamba ukipanua vikapu, yaani yale mafungu ya hisa chini ya kila pau, ukahesabu kwa hisa hamsini hamsini, ule upweke wa kulia unafifia na kikundi kinaonekana kina usawa wa kupendeza. Namba zilezile, hajagusa hata moja. Kwa hiyo upana wa vikapu nao uulize.

Grafu ya vitone tulitoa moja, kilomita za gari kwa mwaka dhidi ya gharama za spea. Vitone vinapanda kuelekea kulia. Mwenyekiti alitaka kuandika "kilomita zinakula spea". Dada akamwekea rangi tofauti magari yenye zaidi ya miaka kumi na tano, na juu kulia pote pakajaa rangi hiyo. Kumbe yanayotembea sana ndiyo pia makuukuu, na grafu haisemi kipi kati ya hivyo viwili kinakula spea. Tukaacha kuandika.

Sasa lawama, maana nisionekane nimelipwa. Ukutani, juu ya kichwa cha kijana, wamebandika grafu kubwa ya sensa kama sampuli ya kazi yao. Pau sita: 1967 watu milioni 12.3, 1978 milioni 17.5, 1988 milioni 23.1, 2002 milioni 34.4, 2012 milioni 44.9, 2022 milioni 61.7. Namba ni zenyewe. Lakini pau zimepangwa kwa nafasi sawa, na miaka haina nafasi sawa. Kati ya 1988 na 2002 kuna miaka 14, kati ya 2002 na 2012 kuna 10. Ukiangalia ngazi, ile ya 1988 kwenda 2002 inaonekana ndefu kuliko inayofuata, milioni 11.3 dhidi ya 10.5, unadhani tulipunguza kuzaana. Gawa kwa miaka: ya kwanza ni kama laki nane kwa mwaka, ya pili ni zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Ni kinyume kabisa cha ngazi inachoonyesha. Nilimwambia kijana. Akasema wateja wanaipenda. Hadi naandika hapa bado ipo, na kama unakwenda na mtoto wa sekondari mpe zoezi la kulitafuta kosa wakati mnasubiri foleni.

Rangi. Zao ni nzuri, printa ni nzuri, hakuna wino unaochafuka. Lakini vikundi vyetu vinaprinti nakala moja ya rangi na zilizobaki ni fotokopi nyeusi na nyeupe. Nyekundu na kijani vikipita kwenye fotokopi vinatoka kijivu kimoja, na ule ufunguo wa rangi pembeni unakuwa mapambo. Hata kwenye nakala ya rangi tuna mwanachama asiyetofautisha nyekundu na kijani, wapo wanaume wengi wa hivyo na wengine hawajui. Sema mapema kwamba utatoa fotokopi. Dada ataandika jina la kila mstari kwenye ncha ya mstari wenyewe, na atatumia mistari mizima na ya vidoti. Usiposema, hata yeye atakupa rangi.

Chanzo cha namba na tarehe hawaandiki mpaka uombe. Omba. Grafu isiyosema namba zimetoka wapi na lini, kwenye mkutano wa madereva haiishi dakika tano.

Muda: asubuhi kabla ya saa nne ndiyo salama. Vyuo vikikaribia kufunga usithubutu, ngazi zote zimejaa wanafunzi na tafiti zao. Umeme ukikatika wana jenereta, ila linaendesha kompyuta tu, printa kubwa inasubiri. M-Pesa wanapokea.

Na la mwisho ndilo lililoniudhi zaidi kuliko sensa. Nilipokwenda kuchukua kazi, orodha yetu ya wanachama, majina na madeni, ilikuwa imeachwa wazi kwenye kioo cha kompyuta ya mbele, na mteja mwingine amekaa kwenye kiti anaisoma kwa raha zake. Nenda na flashi yako. Badilisha majina yawe namba kabla hujatoka nyumbani, grafu hazihitaji majina. Kazi ikiisha usiondoke mpaka wamefuta faili mbele yako, na ile takataka ya kwenye kompyuta nayo waimwage.

Mkopo wa magari tulipandisha, kwa kura, ila kwa nusu ya kiasi kilichopendekezwa.